Aliyekaa Akitazama Ukuta

Maiti ilikuwa imelazwa chali, miguu pamoja, buibui limevutwa vizuri mpaka vidoleni. Aliyeiweka hapo hakuitupa. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Kiti Ngumbao aliloandika katika daftari lake asubuhi ya Jumapili, tarehe kumi Machi 1996, ndani ya gofu moja la Kibokoni, Mji wa Kale.

Jambo la pili lilikuwa vumbi. Sakafu ilikuwa na vumbi la chokaa la miaka mingi. Kutoka mlangoni ziliingia nyayo za mbuzi, na za mzee aliyemfuata mbuzi huyo akakuta maiti. Basi. Nyayo nyingine zilianzia kwenye ngazi iliyoshuka kutoka darini, zikafika penye maiti, zikarudi juu.

"Ameletwa kutoka juu," alisema Sajini Oloo.

"Juu kunapakana na nini?"

Oloo alipanda, akarudi akipangusa chokaa magotini. "Afande, dari hili na la nyumba ya pili yametengwa na ukuta wa kufika kiunoni. Hata mimi na hili tumbo nimevuka."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mchoraji. Anaitwa Ziad. Majirani wanasema ni mtu mkubwa, picha zake zinatundikwa mahotelini."

Ngumbao alichuchumaa. Marehemu alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili au mitatu. Shingoni palikuwa na alama pana, isiyo na michubuko ya kamba. Kitambaa laini, aliandika. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa na rangi ya buluu. Aliinama, akanusa. Tapentaini.

Saa nne walikuwa katika chumba cha kuhifadhia maiti. Mama wa marehemu, Bi Shariffa, alikuja na kaka yake. Hakulia mbele ya polisi. Alimtazama bintiye kwa muda, kisha akamgeukia Ngumbao.

"Ni Shahd. Shahd Yeslam. Ni mwanangu." Akasogea karibu, akagusa kamba ya buibui iliyofungwa chini ya kidevu kama kamba ya kiatu. "Nani kamfunga hivi?"

"Tulimkuta hivyo, mama."

"Kamba hii hufungwa kisogoni, kwa ndani. Mtoto wa kike wa miaka kumi anajua. Huyu kavishwa na mwanamume."

Ngumbao aliandika.

"Bwana Inspekta, nakuomba. Azikwe leo kabla ya alasiri. Na asikatwe."

"Kuzikwa leo nitajitahidi, Bi. Kukatwa siwezi kuzuia, ni sheria. Lakini daktari ni mwanamke. Nitamwomba asizidishe, na wa kumwosha muwe nyinyi."

Bi Shariffa aliinamisha kichwa.

"Jana mchana alikwenda wapi?"

"Bondeni, kupaka hina. Ndiyo kazi yake, kila Jumamosi. Arusi za mtaa wetu zote hupaka yeye. Yake mwenyewe ilikuwa mwezi ujao. Angekwenda Mukalla, ng'ambo, kwa mtoto wa ami yake."

"Alikuwa radhi?"

"Alikuwa radhi. Muulize yeyote."

Daktari Mirriam alimaliza saa saba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Ngumbao alimheshimu kwa sababu hiyo.

"Amenyongwa kwa kitambaa kipana, kutoka nyuma. Jana, kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili. Hakubakwa. Sasa tazama mikono."

Aliinua mkono wa kulia wa marehemu. Ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa na wekundu wa hina uliozama ndani ya ngozi.

"Huu ni wa kazi. Hapa ndipo anaposhika kijiti cha kupakia. Na rangi ya buluu iko papo hapo, juu ya hina. Mkono wa kushoto kuna rangi nyingine, duara, chini ya kidole gumba."

"Maana yake nini?"

"Mimi nakwambia kilichopo. Maana ni kazi yako."

* * *

Ziad aliwapokea kwa adabu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mrefu, amevaa shati jeupe lisilo na doa. Alizungumza polepole, kama mtu aliyezoea kusikilizwa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya juu. Mlikuwa na pangaboi, redio ya kaseti, na kiti kimoja cha mbao kilichoelekezwa kwenye ukuta mtupu. Nyuma ya kiti, hatua tatu, kilisimama kiegemezo cha turubai, na karibu nacho stuli mbili. Brashi zilijaa kwenye mtungi, nyingi bado zina karatasi ya dukani. Kwenye kikombe cha bati kulikuwa na chelewa, vijiti vya kuti la mnazi, zilizochongwa ncha.

"Hizi za nini?"

"Za kusafishia brashi."

Picha zilizoegemezwa ukutani zilikuwa kumi na nane. Zote ni wanawake waliochorwa kwa nyuma: shingo, mabega, leso iliyoteremka. Ngumbao hakuwa mtu wa picha, lakini aliona kwamba nakshi za leso zilikuwa zimefuatwa jani kwa jani, mistari myembamba kuliko unywele.

"Mbona hawana nyuso?"

"Uso kila mtu anao, Inspekta."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nikichora. Tangu saa nane mpaka karibu saa kumi na mbili."

"Na nani?"

"Kadzo Menza. Anapiga chapa katika ofisi moja ya forodha. Muulizeni. Hakutoka chumbani hata mara moja. Wala mimi."

"Shahd Yeslam unamjua?"

"Binti wa mtaani. Nimemwona akipita."

"Kucha zake zina rangi ya mafuta, ya buluu."

"Nimepaka mlango wangu wiki hii. Huenda aliugusa."

Alitoa mfukoni kadi iliyochapishwa kwa rangi, akampa Ngumbao. "Karibu kwenye maonyesho yangu. Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili. Leta na mkeo."

Wakati wa kutoka Ngumbao aliugusa mlango. Ulikuwa mkavu, na ulikuwa wa kijani.

Mtaalamu wa alama za vidole alifanya kazi mpaka jioni. Dari lilikuwa limefagiliwa na kumwagiwa maji. Stuli, kikombe, mtungi, komeo, vyote vilikuwa vimefutwa kwa tapentaini.

"Sikupata alama ya marehemu," alisema.

"Na za Ziad?"

"Hata za mwenyewe hazipo. Ni kama chumba kisichotumiwa na mtu."

"Tumkamate, Afande," alisema Oloo njiani.

"Kwa kosa la usafi?"

"Amedanganya juu ya mlango."

"Amedanganya. Lakini ana shahidi wa saa nne nzima. Kwanza tumsikie shahidi."

* * *

Kadzo Menza alikuwa na miaka ishirini na miwili. Walimkuta Jumatatu kwenye mashine yake ya chapa, ofisi iliyo upande wa Makadara, akipiga chapa bila kutazama vidole. Mkubwa wake aliwapa chumba cha faili.

"Menza wa wapi?" aliuliza Ngumbao.

"Wa Kaloleni."

"Mimi wa Ganze. Basi tutaelewana. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kwa Bwana Ziad. Nilifika saa nane. Niliondoka saa kumi na mbili kasoro robo."

"Alitoka?"

"Hapana."

"Ulimwona muda wote?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Sikuuliza alikuwa wapi. Ulimwona?"

Kadzo alitazama rafu za faili. "Mtu anayechorwa kwa Bwana Ziad hageuki. Ukigeuka, picha inakufa."

"Nani kasema?"

"Yeye."

"Umewahi kugeuka?"

"Mara moja. Mwezi wa kumi. Nilisikia kitu nikageuza shingo kidogo tu. Akanishika kidevu, akanirudisha. Hakupiga kelele. Akasema, 'Nenda nyumbani.' Hakuniita wiki sita."

"Wiki sita ulifanya nini?"

"Nilingoja."

Oloo alikohoa. "Dada, mimi mke wangu akiniambia nisigeuke dakika mbili, shingo inaanza kuniwasha."

Kadzo hakucheka. "Wewe hujakaa kwake."

"Anakulipa?" aliuliza Ngumbao.

"Sitaki malipo. Ofisini mimi ni mashine ya chapa. Nyumbani kwa dada yangu mimi ni yaya. Kule..." Alisita. "Alinambia uso wangu ni wa kawaida, nisijihangaishe nao. Ila shingo, hajaona nyingine. Nilipotoka siku hiyo nilikitoa kioo changu ukutani. Sikukiona tena kuwa na maana."

Ngumbao aliandika maneno hayo yote.

"Basi hukumwona. Ulijuaje kuwa yuko?"

"Nilimsikia akichora. Inakwaruza, taratibu. Na pangaboi. Na taarabu kwenye kaseti."

"Ulisikia kitu kingine?"

"Hapana."

"Kiti kuanguka? Mtu kuongea?"

"Nimesema hapana."

Jibu la pili lilikuja haraka kuliko la kwanza. Ngumbao alimwandikia taarifa yake, akamsomea, naye akatia sahihi.

"Kadzo, nisikilize. Msichana amenyongwa kutoka nyuma, Jumamosi mchana, karibu na nyumba ile. Kama aliyemwua ni Ziad, basi wewe ndiye kinga yake, na wewe ndiye hatari yake. Usiende tena mpaka nikwambie."

"Jumamosi ananimalizia. Picha ni ya maonyesho."

"Nimesema usiende."

"Nimesikia, Afande."

Kusikia hakukuwa kukubali, na wote watatu walijua.

* * *

Wiki ilikwenda kwa mambo madogo. Oloo alizunguka Bondeni nyumba kwa nyumba, akarudi Alhamisi na viatu vimepasuka.

"Hakuna arusi aliyopaka Jumamosi iliyopita. Wala ya kabla yake. Wanawake wa Bondeni wanasema Shahd Jumamosi hapatikani tangu mwaka jana. Hupaka Ijumaa na Jumatano tu."

"Kwa hiyo alimdanganya mama yake kila Jumamosi kwa mwaka mzima."

"Alikuwa na mwanamume, Afande. Huyo Ziad alikuwa akimchora, wakakorofishana."

"Anayechorwa hapati rangi chini ya kucha."

"Labda alishika turubai."

"Kwa vidole viwili? Vile vile vinavyoshika kijiti cha hina?"

Oloo alikuna kichwa.

Ngumbao hakupenda kumwendea mfiwa na swali asilolijua vizuri. Alingoja mpaka Jumamosi saa sita mchana ndipo alipobisha kwa Bi Shariffa. Alikaribishwa sebuleni, akaletewa kahawa. Alitoa salamu za rambirambi kwa utaratibu wake wote, naye akajibiwa kwa utaratibu wake wote.

"Bi, mwanao Jumamosi hakuwa akienda Bondeni."

Mama alikisogeza kikombe kando. Kisha akasema, "Hilo umekuja kunambia ili iwe nini?"

"Ili nijue alikuwa akienda wapi. Sina nia ya kumvunjia heshima. Nataka kukuonyesha picha, uniambie kama unamfahamu mwanamke aliyemo."

Alimpa ile kadi ya maonyesho. Mwanamke mwenye leso, mgongo tu. Bi Shariffa aliishika mbali, akaisogeza karibu, akainuka akaenda nayo dirishani.

"Mwanamke simjui. Lakini hii leso kapaka Shahd."

"Kachorwa, unamaanisha?"

"Kapaka. Mie ndiye niliyemfundisha. Tazama jani hili: kikonyo kinarudi nyuma kisha kinakwenda mbele, na mwisho nukta tatu, ya katikati imeinuka. Mie hukemea, namwambia nukta ziende sawa, hataki. Hakuna mwengine afanyaye hivi pwani nzima."

"Una hakika, Bi?"

"Bwana Inspekta, kila mpaka hina ana mkono wake. Mie huingia arusini, nikatazama miguu ya bibi arusi, nikajua nani kapaka bila kuuliza. Wanawake wote hapa wanajua hivyo. Nyinyi wanaume hamwoni, kwa kuwa hamkai tunapokaa." Akaigonga kadi kwa kidole. "Mato yangu haya hayawezi kukosea mkono wa mwanangu. Nani kaandika jina lake hapa chini?"

Chini ya picha, kwa herufi kubwa, palisomeka: ZIAD.

Ngumbao alisimama. Mambo yalijipanga kichwani mwake moja baada ya jingine, bila haraka. Chelewa zilizochongwa ncha, na duara la rangi chini ya kidole gumba cha kushoto, mahali pa kuchovyea. Brashi zenye karatasi ya dukani. Stuli mbili. Shati lisilo na doa. Kiti kilichotazama ukuta, na mtu wa kukaa aliyefundishwa asigeuke. Asigeuke kwa sababu akigeuka angemwona aliyekuwa akichora, naye hakuwa Ziad.

Ushahidi wa Kadzo ulikuwa wa kweli. Ziad hakutoka chumbani. Shahd pia hakutoka. Kadzo alikaa humo, hatua tatu mbele yao.

"Bi, una simu?"

Aliipigia ofisi ya Makadara. Karani mwenzake Kadzo ndiye aliyepokea. Jumamosi wanafunga saa sita u nusu, alisema, na Kadzo ameondoka kama dakika kumi hivi zilizopita. Kaelekea Mji wa Kale.

* * *

Mlango wa kijani haukuwa umefungwa. Taarabu ilisikika mpaka barabarani. Ngumbao alipanda ngazi mbele, Oloo nyuma yake na bastola mkononi.

Kadzo alikuwa kwenye kiti, uso ukutani, leso imeteremka mabegani, mikono juu ya magoti. Ziad alisimama hatua moja nyuma yake. Alikuwa ameshika mtandio wa hariri kwa mikono yote miwili, ncha zimezungushwa viganjani. Kwenye kiegemezo hapakuwa na turubai.

Ziad aliwaona. Hakuushusha mtandio.

"Mnakatiza kazi, Inspekta."

"Kazi gani?"

Oloo alizima redio. Ukabaki mlio wa pangaboi. Kadzo hakusogea.

"Kadzo," alisema Ngumbao, "ni mimi, wa Ganze. Inuka uje huku."

"Usigeuke," alisema Ziad kwa upole. "Tumebakisha kidogo."

Vidole vya Kadzo vilishika magoti. Mishipa ya shingo yake ilionekana. Ngumbao aliona kwamba risasi, kutoka alipo Oloo, ingeweza kumpata yeyote kati ya wale wawili, na kwamba mtandio ulihitaji hatua moja tu. Alizungumza kwa sauti ile ile anayosomea taarifa.

"Nyuma yako hakuna picha, Kadzo. Hachori. Hajawahi kuchora. Geuka utazame."

Pangaboi lilizunguka mara tatu, nne.

Kadzo aligeuka. Alianza na shingo, kisha mabega, kisha akainuka na kiti kikaanguka. Alimtazama Ziad usoni, akautazama mtandio, akautazama mti mtupu wa kiegemezo.

"Turubai liko wapi?" aliuliza.

Ziad alishusha mikono. Ni kama swali lile, kutoka kwa Kadzo, ndilo pekee ambalo hakulitarajia. Oloo alimfikia, akampindua mkono, na pingu zikalia.

* * *

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu, na turubai lililochukuliwa nyumbani kwa Ziad, lile la Jumamosi ya mauaji. Ngumbao alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumiwa mahakamani kama ushahidi.

"Sina la kusema," alisema Ziad.

"Chora basi." Ngumbao alimsogezea karatasi, penseli na kikombe cha chai. "Nichoree kikombe hiki."

"Mimi sichori kwa amri."

"Mchoraji yeyote angenichorea kikombe ili asinyongwe."

Ziad aliitazama penseli. Hakuigusa.

"Vizuri. Oloo, funga dirisha."

Chumba kikaingia giza la wastani. Ngumbao aliwasha tochi, akaiegesha pembeni mwa turubai, mwanga ukapita ubavuni juu ya rangi. Kwenye kona ya chini, ndani ya jina la Ziad lililopakwa kwa buluu nzito, vilitokea vivuli vya mifereji membamba.

"Rangi yako imefunika rangi yake. Haikufunika mikwaruzo. Shahd hakuandika kwa brashi, aliandika kwa chelewa, akakwangua. Sisomi Kiarabu vizuri, lakini nimemwita anayesoma. Ni herufi tatu. Shini, he, dali: Shahd."

Ziad alifumba macho.

"Picha kumi na nane," alisema Ngumbao. "Ngapi ni zako?"

"Fikra zote ni zangu. Kumkalisha mtu. Mwanga. Kusema shingo hii, si ile."

"Nimeuliza mkono."

Ziad alizitazama pingu zake.

"Hakuna," alisema Ziad hatimaye. "Nilikuwa nikichora zamani. Nilisomea nje. Niliporudi, kila nilichofanya kilikuwa kimekufa. Nilimwona Shahd akipaka hina arusini kwa dada yangu, nilichungulia mlangoni. Nikamwambia aje ajaribu turubai. Alijaribu siku moja. Siku moja, Inspekta! Mimi nilisoma miaka sita."

"Alikubalije kuja?"

"Alipenda. Kwao wasingemruhusu kukaa nyumbani kwa mwanamume achore watu. Nikampa njia. Anapanda kwa ngazi ya nje, nyuma ya gofu, anavuka dari, hakuna anayemwona. Anayekaa haoni. Tulikuwa hatuzungumzi, tulionyeshana kwa vidole tu. Mwaka mzima hatujasemezana neno mbele ya mtu."

"Jumamosi ile?"

"Alimaliza. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Kisha akachukua chelewa, akaandika jina lake. Mbele yangu. Nikamwashiria afute. Akatikisa kichwa. Nikamwashiria tena. Akainua kidole kimoja." Ziad aliinua kidole cha shahada, pingu zikagonga meza. "Moja. Alitaka moja tu. Anaolewa, anakwenda Mukalla, hatochora tena. Katika kumi na nane alitaka moja iwe yake."

"Ungempa."

"Ningempa moja, watu wangesimama mbele yake wakaulizana, na hizi nyingine? Picha zile zinajitambulisha. Mtu akiona moja yenye jina la Shahd, ameziona zote."

"Ukamnyonga."

"Alikuwa anacheka. Bila sauti, kwa sababu ya huyu aliyekaa. Mtandio wake ulikuwa kwenye stuli."

"Kadzo alikuwa hatua tatu mbele."

"Kadzo hageuki," alisema Ziad, kama mtu anayetaja kipimo cha chumba. "Nilimwambia nimeangusha stuli. Akakaa dakika arobaini zaidi, mimi nimesimama tu nyuma yake. Hakuuliza kwa nini kukwaruza kumekoma. Wiki hii nikafikiri: siku moja atauliza."

Ngumbao aliandika mpaka mwisho, akamsomea, akampa kalamu.

* * *

Kadzo alikuwa kwenye benchi la korido, koti la Oloo mabegani. Chai aliyoletewa ilikuwa imepoa. Ngumbao alikaa kando yake.

"Amekiri."

"Yule msichana," alisema Kadzo, "nilikuwa nikinusa udi wake. Kila Jumamosi. Nilijua wako wawili. Sauti ya Bwana Ziad hutoka kushoto, na kukwaruza kunatoka kulia. Nilijiambia chumba kinarudisha sauti."

"Na Jumamosi ile?"

"Stuli ilianguka. Halafu visigino. Vikipiga sakafu, haraka haraka, kisha polepole." Alipiga benchi kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akaacha. "Akasema, 'Usigeuke, nimeangusha stuli.' Nikasema, 'Ndiyo.' Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, Afande. Hilo ndilo silielewi. Nilisema ndiyo kama ninavyosema ofisini."

Ngumbao alifunga daftari lake.

"Ningegeuka, angepona?"

Kulikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa la huruma, nalo halikuwa na ushahidi.

"Daktari anasema kunyonga kwa namna ile huchukua dakika tatu, nne. Akiachwa katika dakika ya kwanza au ya pili, mtu huzinduka. Kama ungegeuka angemwachia, au angekuua na wewe, hilo hakuna anayeweza kulithibitisha. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba huenda. Sitakwambia hapana."

Machozi yalimtoka Kadzo bila sauti. Koridoni alipita askari mmoja na ndoo, akatembea kwa vidole.

"Nitashtakiwa?"

"Kwa kusikia, hapana. Kwa kuapa uongo mahakamani, ungeshtakiwa. Mahakamani hujafika bado."

"Mama yake ataniona siku ya kesi."

"Atakuona. Atakaa mbele kabisa."

Kadzo alijifuta uso kwa upindo wa leso. "Nipe karatasi. Sitaki uniandikie wewe."

Ngumbao alimfungulia ofisi yake, akamwashia taa, akamkalisha mezani. Alisimama mlangoni akimtazama. Kadzo aliandika jina lake, umri wake, kazi yake, tarehe, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu wa ofisini. Kisha akatulia, kalamu juu ya karatasi, na Oloo aliyekuwa akija na chai nyingine akasimamishwa kwa mkono.

Sentensi ya kwanza ilikuwa fupi. Ngumbao aliweza kuisoma kutoka pale aliposimama.

*Nilisikia tangu mwanzo.*